Mtandao unasumbua Kigoma: uwezo umeisha, au mzigo umepita njia mbaya?

Malalamiko hufika na sura moja: mtandao unasumbua. Mhasibu wa hospitali kule Kasulu atasema hivyo, wakala wa pesa mwaloni Kibirizi atasema hivyo, na mkubwa aliyekatikiwa na mkutano wa video akiwa katikati ya taarifa yake atasema hivyo kwa ukali zaidi. Jibu la haraka nalo ni moja: ongezeni kasi. Kasi ikiongezwa bila kupima, mara nyingi bili hupanda na malalamiko hubaki, kwa sababu laini haikuwa ndogo. Mzigo ulikuwa unapita pasipostahili, au ulikuwa kwenye foleni ambayo hakuna aliyeipanga.

Mwongozo huu ni wa fundi au mpangaji wa mtandao unaobeba huduma nyingi kwa pamoja: simu za sauti, mikutano ya video, miamala, mifumo ya hospitali na halmashauri, na intaneti ya kila mtu. Nitatumia mtandao mmoja wa mfano, ambao si ramani ya kampuni yoyote. Kituo kikuu kiko Kigoma mjini. Kutoka hapo kuna njia mbili kufika Tabora. Ya kusini inapita Uvinza, Kaliua na Urambo, ni faiba tupu ya gigabiti 1 kwa sekunde, kama kilomita 400. Ya kaskazini inapita Kasulu, Kibondo, Kakonko na Nyakanazi, kisha Kahama na Nzega, zaidi ya kilomita 600, na kati ya Kasulu na Kibondo ni maikrowevu (kiungo cha redio kati ya minara) ya megabiti 400. Tabora mzigo unaungana na kwenda Dodoma na Dar es Salaam.

## Kabla ya kugusa ruta

Muulize anayelalamika saa ngapi, huduma ipi, jengo lipi, na kama kupakia na kupakua vyote vinasumbua. Akijibu "kila kitu, kila saa", kaa naye kidogo. Mara nyingi utakuta ni mfumo mmoja, baada ya saa nane mchana.

Kisha uwe na kipimo cha ucheleweshaji kichwani, usije ukadanganywa na umbali. Mwanga ndani ya faiba husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kila kilomita hula mikrosekunde 5. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ina kilomita 1,250 hivi. Faiba inayofuata mkondo huo ingekula milisekunde 6 na ushee kwenda, na 13 hivi kwenda na kurudi. Ongeza mizunguko ya kebo na kazi ya ruta za njiani (vifaa vinavyochagua njia ya data), na ping, yaani muda wa pakiti (kipande kidogo cha data) ya majaribio kwenda na kurudi, ya milisekunde 20 hadi 25 ni ya kawaida. Hata mzigo ukizungukia Nyakanazi badala ya Uvinza, kilomita 300 za ziada ni milisekunde 3 tu, kwenda na kurudi. Kwa hiyo ukiona ping ya 180 kwenda seva iliyoko Dar es Salaam, usiseme "sisi tuko mbali". Kuna jambo jingine.

Mwisho, piga traceroute (orodha ya ruta ambazo data inapitia) pande zote mbili, kutoka kwako na kutoka upande wa pili kuja kwako. Njia ya kwenda na ya kurudi si lazima zifanane, na nusu ya mafumbo ya njia hujificha kwenye ile ya kurudi.

## Dalili: mchana shwari, usiku hakushikiki

Inaanza kama saa mbili usiku, inaisha saa nne au tano. Ping iliyokuwa 22 inapanda hadi 300 au 400, lakini grafu ya matumizi inaonyesha asilimia 75 tu, na mwenye kampuni anakuuliza asilimia 25 iliyobaki inafanya nini.

Grafu inasema ukweli wake, lakini ni wastani wa dakika 5. Ndani ya dakika hizo kuna sekunde ambazo laini ilijaa pomoni na sekunde ambazo ilikuwa tupu. Pakiti huumia kwenye zile zilizojaa. Hesabu rahisi kabisa ya foleni inasema muda wa pakiti kukaa kwenye ruta hukua hivi: laini ikitumika asilimia 50, muda ni mara 2 ya laini tupu, asilimia 80, mara 5, asilimia 90, mara 10, asilimia 95, mara 20. Mzigo halisi wa intaneti huja kwa mafungu, hivyo hali huwa mbaya kuliko hesabu hiyo. Ndiyo maana mpangaji makini huanza kufikiria upanuzi mzigo wa kilele unapogusa asilimia 70 hivi. Akingoja 98 amechelewa.

Pima tena kwa vipindi vya sekunde 10 au chini ya hapo, katika saa ile ya kilele, na uangalie kihesabu cha pakiti zilizotupwa kwenye foleni. Zikitupwa nyingi, uwezo ni mdogo kweli. Pakiti zisipotupwa ila ucheleweshaji ukapanda sana, kuna kifaa chenye akiba ndefu kupita kiasi: kinapanga pakiti foleni ya nusu sekunde badala ya kutupa chache mapema ili watumaji wapunguze kasi. Fupisha foleni hiyo, au washa utaratibu wa kutupa mapema. Haigharimu chochote.

Huku kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya kupanga mitandao havilisemi. Saa ya kilele hapa haifanani mwezi mzima. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika hutoka na taa wakati wa giza, na mbalamwezi ikikolea wengi hupumzika. Minara ya mwaloni, Kibirizi na Katonga, itakuwa na asubuhi zenye simu na miamala mingi wakati wa giza, na asubuhi tulivu kwenye mbalamwezi. Ukichukua wastani wa mwezi umechanganya samaki na maji. Vivyo hivyo Urambo na Kaliua wakulima wanapolipwa tumbaku: mnara uliolala miezi mingi unaamka ghafla. Panga kwa wiki nzito, na uandike kwenye grafu kilichoufanya uzito huo.

## Dalili: simu hazipiti, intaneti haina neno

Mtumiaji anapiga, anasikia mlio wa mtandao kuzidiwa, anapiga tena. Grafu ya data iko chini kabisa. Hapa tatizo ni idadi ya nafasi za simu, yaani simu ngapi zinaweza kupita kwa wakati mmoja, na hesabu yake ina zaidi ya miaka 100. Agner Krarup Erlang, Mdenmaki aliyefanya kazi kampuni ya simu ya Copenhagen, alitoa fomula yake mwaka 1917, na bado ndiyo tunayotumia.

Chukua simu 600 katika saa ya kilele, kila moja dakika 2. Hiyo ni dakika 1,200, gawanya kwa 60 unapata erlang 20, yaani kwa wastani simu 20 ziko hewani kwa wakati mmoja. Kikundi cha nafasi 30 kinabeba erlang 20.3 kikikataa simu 1 kati ya 100. Vizuri. Sasa mzigo upande kwa robo hivi, ufike erlang 24.8: kikundi hichohicho kinakataa simu 1 kati ya 20. Mzigo umeongezeka kwa robo, kukataliwa kumeongezeka mara tano. Na aliyekataliwa harudi kulala, anapiga tena, hivyo mzigo unaoonekana kwenye takwimu unapanda zaidi ya ule wa kweli. Ukitaka kujua mahitaji halisi, toa zile za kurudia ndani ya dakika chache.

Angalia pia kama kuna mtu aliyegawa nafasi vipande. Nafasi 30 pamoja hubeba erlang 20.3, ukizigawa mafungu mawili ya 15, kila fungu hubeba 8.1 tu, jumla 16.2, kwa ubora uleule. Nimekuta mgawanyo wa namna hii umefanywa kwa nia njema, fungu hili la hospitali na lile la ofisi, na kila upande ukilalamika kwa zamu wakati mwenzake ana nafasi wazi. Ziunganishe, kisha mwenye haki ya pekee umpe kipaumbele ndani ya kikundi kimoja.

Miamala ya simu ya menyu za namba nayo huingia hapa, si kwenye data. Kwenye GSM (mtandao wa simu wa kizazi cha pili) hupita kwenye njia za ishara, zilezile zinazotumika kuanzisha simu, kupeleka ujumbe mfupi, na kuuarifu mtandao simu iko eneo gani. Wakala akisema miamala inagoma huku video zinacheza, acha kuangalia faiba, angalia njia za ishara za mnara. Kosa la mpangaji linalofurahisha kulikamata: mpaka wa maeneo mawili ya mtandao umechorwa jirani na stesheni. Treni ikiingia Tabora, mamia ya simu yanajiarifu kwa mpigo, na kwa dakika kadhaa hakuna muamala unaopita mtaa huo. Dawa ni kuusogeza mpaka mahali pasipo na watu, au kuongeza njia za ishara kwenye mnara ule. Laini kubwa ya kwenda Dar es Salaam haitasaidia lolote.

## Dalili: video inakataliwa, simu za kawaida zinapita

Hii ni dalili ya mtandao wa huduma nyingi hasa. Tuseme laini ina nafasi 30. Simu ya sauti inachukua 1, mkutano wa video unachukua 6. Zikiwa zimeshikwa nafasi 25, zimebaki 5. Anayepiga simu anaona mtandao uko wazi kabisa. Anayetaka video anakataliwa. Na kila nafasi inayoachwa hunyakuliwa na simu nyingine ya sauti kabla hazijafika 6, kwa hiyo katika saa ya kilele video inaweza isipate mlango kabisa, ingawa wastani wa matumizi hauonyeshi laini kujaa.

Fomula ya Erlang ya huduma moja haitakuonyesha hili. Mwaka 1981 Kaufman na Roberts, kila mmoja kwa upande wake, walitoa hesabu ya hatua kwa hatua inayokupa kiwango cha kukataliwa kwa kila huduma peke yake. Inaingia kwenye jedwali la kompyuta bila shida, na kwa maoni yangu kila mpangaji anayechanganya sauti na video anapaswa kuwa nayo.

Dawa ni kuweka akiba. Ruta au seva ya simu iambiwe: nafasi zilizobaki zikiwa chini ya 6, kataa hata sauti. Inaonekana uonevu, lakini ndivyo huduma zote mbili zinavyopata kiwango kilekile cha kukataliwa. Kama hutaki kuinyima sauti kiasi hicho, akiba iwe 3 au 4. Huo ni uamuzi wa sera, na aufanye mwenye mtandao kwa kuandika, usiuvae wewe fundi peke yako usiku.

## Dalili: sauti inakwaruza mara tu mtu akifungua video

Foleni. Karibu kila mara ni foleni.

Anza na hesabu, maana watu hudhani simu ya IP hula kilobiti 64 kwa kuwa ndiyo namba ya G.711, namna ya kawaida ya kugeuza sauti kuwa data. Kwa pakiti za milisekunde 20, ukijumlisha vichwa vya IP na vya Ethaneti (maelezo ya anwani yanayotangulia kila pakiti), simu moja hula kilobiti 87 hivi kila upande. G.729, namna nyingine inayotajwa kuwa ya kilobiti 8, hufika 31. Simu 30 za G.711 zinahitaji megabiti 2.6. Si nyingi, kwa hiyo ukubwa wa laini si hoja. Hoja ni nani anatangulia.

Angalia kwanza kama pakiti za sauti zimepigwa alama ya kipaumbele, ile ya EF yenye namba 46, na kama alama hiyo inafika upande wa pili. Swichi nyingi hufuta alama kwenye mlango usioaminiwa. Simu inaipiga, swichi ya kwanza inaifuta, na ruta ya Kasulu inapokea sauti kama pakiti yoyote. Pili, angalia kama kila mtu hajajipa EF. Nimeona mpangilio ambamo hata kamera za ulinzi zilikuwa na alama ya sauti. Wote wakitangulia, hakuna anayetangulia. Foleni ya kipaumbele iwekewe kikomo, na desturi ya wahandisi wengi ni isizidi theluthi ya laini.

Sababu ya tatu ndiyo inayosumbua matawi mengi. Umenunua megabiti 50, lakini mlango uliounganishwa ni wa gigabiti 1. Ruta yako inaona mlango mpana, haina sababu ya kupanga foleni, inamwaga kila kitu mara moja. Mtoa huduma anapima megabiti 50 na kuitupa ziada bila kuuliza ni sauti au ni sinema. Vipaumbele vyako vyote havijafanya kazi hata sekunde moja, kwa sababu foleni iko kwake. Weka kizuizi cha kasi upande wako, megabiti 48 hivi, ili foleni ijengeke kwenye ruta unayoimiliki, na hapo ndipo EF itakuwa na maana.

Mstari wa kupima: ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inapendekeza katika waraka wake wa G.114 ucheleweshaji wa sauti kwa upande mmoja usizidi milisekunde 150. Kutoka Kigoma faiba inakula chini ya 10. Bajeti iliyobaki ni yako, ukiila kwa foleni ni shauri yako.

## Dalili: mvua ikianza tu

Kati ya Novemba na Aprili mvua huipima maikrowevu ya Kasulu–Kibondo. Redio za kisasa hazizimiki. Hushusha namna ya kubeba data. Kwenye 1024-QAM, namna ya kasi, kila alama ya redio hubeba biti 10, kwenye QPSK, namna ya uvumilivu, hubeba 2. Laini ya megabiti 400 inakuwa kama 80, na ruta nyuma yake haijui, inaona mlango wa gigabiti uko hai. Inaendelea kumwaga, redio inatupa ovyo.

Vipaumbele viwekwe kwenye redio yenyewe, si kwenye ruta pekee. Baadhi ya redio zinaweza kuiarifu ruta uwezo uliobaki. Kama yako inaweza, washa. Kwa upangaji, chukua namba ya chini kabisa, ile 80, na ujiulize ni huduma zipi lazima zitoshe humo.

Ila usiitwike mvua kila lawama. Mvua huumiza zaidi masafa ya juu ya gigahezi 10. Kiungo cha gigahezi 6 au 7 kinachovuka ghuba ya ziwa kikififia alfajiri kukiwa kumetulia, bila wingu, mkosaji ni mwangwi wa maji na tabaka za hewa. Hapo dawa ni antena ya pili kwenye mnara uleule kwa kimo tofauti.

## Dalili: faiba iko tupu, maikrowevu imejaa

Fungua gharama za OSPF, utaratibu ambao ruta hutumia kuchagua njia yenye gharama ndogo. Katika ruta nyingi kipimo cha rejea bado ni megabiti 100, cha enzi ambazo megabiti 100 ilikuwa kasi kubwa. Gharama ni rejea gawanya kwa kasi ya mlango, na haishuki chini ya 1. Matokeo yake mlango wa megabiti 100, wa gigabiti 1 na wa gigabiti 10 yote ni 1. Ruta inahesabu vituo tu. Kama upande wa kusini una ruta tano na upande wa kaskazini maikrowevu imerukia vituo kadhaa kama swichi, kaskazini itashinda, na faiba ya gharama itakaa kama mgeni.

Weka rejea ya megabiti 100,000 kwenye ruta zote, usiache hata moja. Gigabiti 10 itakuwa 10, gigabiti 1 itakuwa 100. Kisha kwa maikrowevu andika gharama kwa mkono, kwa sababu mlango wake unasema gigabiti 1 wakati redio ni 400.

Kama laini zako zimefungwa pamoja mbili au nne na moja tu ndiyo imejaa, gharama hazihusiki. Ruta hugawa mzigo kwa anwani za mtumaji na mpokeaji. Mzigo wote ukiwa ndani ya handaki moja la VPN (njia ya faragha inayofunga pakiti zote ndani ya pakiti nyingine), anwani ni mbili tu, na mzigo wote unaangukia waya mmoja.

## Dalili: seva iko Dar es Salaam, ping ni 180

Traceroute itaonyesha mji wa Ulaya katikati. Mtoa huduma wako na wa seva hawajaunganishwa nchini, au wameunganishwa lakini mpangilio wa BGP (utaratibu wa kuchagua njia kati ya watoa huduma) unapendelea laini ya ng'ambo kwa sababu mtu aliipa kipaumbele zamani na hakuna aliyerudi kuangalia. Muulize mtoa huduma swali moja: je, mnabadilishana mzigo na fulani pale TIX (kituo cha Tanzania cha kubadilishana mzigo wa intaneti), na je, mnatangaza anwani zangu pale? Mara nyingine anatangaza baadhi tu, ndiyo maana tawi moja ni zima na jingine ni gonjwa.

Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Siku kama hiyo huduma ya ndani inatakiwa kuendelea. Kama mfumo wako wa ndani unategemea DNS (kitabu cha majina ya mtandao) au ukurasa wa kuingilia ulioko ng'ambo, hautaendelea, hata ukiwa na gigabiti 10 kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam.

## Madogo yanayofanana na makubwa

Kurasa nyepesi zinafunguka, kuingia kwenye mfumo kunakubali, lakini faili haliendi: pima ukubwa wa pakiti. Handaki la GRE hula baiti 24 za kila pakiti, PPPoE (namna ya kumuunganisha mteja na mtoa huduma) hula 8. Pakiti ya 1500 haipenyi na ujumbe wa kuarifu umezuiwa na ukuta wa moto (kichujio cha ulinzi). Tuma ping ya baiti 1472 isiyoruhusiwa kukatwa, ushuke hadi ipite.

Umeongeza laini ya pili na sasa nusu ya miunganisho inakufa: pakiti zinatoka kwa laini moja na kurudi kwa nyingine, na ukuta wa moto unatupa usichokiona kikianza.

Tawi la satelaiti ya mzunguko wa juu, ping 600, halizidi kilobiti 870 kwa faili moja hata ukinunua megabiti 10: dirisha la TCP (kiasi cha data kinachotumwa kabla ya kungoja jibu) la baiti 65,535 ndilo kikomo. Rekebisha dirisha.

## Dalili: tuna njia mbili, faiba ikikatika tunakufa

Hapa ndipo mipango mingi inaanguka, na ndipo ningependa muda wa mpangaji uende.

Kwanza hakikisha ni mbili kweli. Laini mbili za kampuni mbili zinaweza kuwa kwenye mtaro mmoja, nguzo zilezile, au kupita daraja moja. Greda linalochimba barabara halisomi mikataba. Dai ramani ya mtaro, kisha tembea sehemu zinazotia shaka. Ndani ya kituo pia: ruta mbili kwenye inveta moja ni ruta moja. Na vituo vya kati vyenye betri za saa chache vina maana kuwa umeme ukikatika Kakonko mchana kutwa, njia ya kaskazini haipo jioni.

Pili, hesabu mzigo siku ya kukatika. Katika mfano wetu, kilele cha Kigoma ni megabiti 760: sauti 30, miamala na mifumo ya hospitali na halmashauri 90, mikutano ya video 80, intaneti ya kawaida 560. Siku ya kawaida kusini kunabeba 520, kaskazini 240. Grafu zote mbili zinapendeza.

Kaskazini kukikatika, 760 inaingia kwenye gigabiti 1. Asilimia 76, watu watahisi kidogo. Kusini kukikatika, 760 inaingia kwenye 400. Foleni zikiwa zimepangwa, huduma tatu za kwanza zinachukua 200, intaneti inapata 200 iliyobaki. Itakuwa nzito, lakini hospitali inafanya kazi. Kusini kukikatika mvua ikiwa imeshika Kasulu, una 80. Sauti na miamala peke yake ni 120. Hapo mtandao umekufa.

Sasa angalia ombi la bajeti lililoko mezani: kupandisha faiba ya kusini hadi gigabiti 2. Katika hali tatu hizo, inapunguza uzito kwenye ile ya kwanza tu, ambayo tayari ilivumilika; mbili mbaya haizigusi. Pesa iende kwenye kiungo cha Kasulu–Kibondo ili namba yake ya chini kabisa ipande kutoka 80 hadi angalau 200: dishi kubwa zaidi, mruko mfupi zaidi wenye mnara wa kati, au chaneli ya ziada ya masafa ya chini.

Tatu, jihadhari na ruta inayotafuta njia mbadala kwa bidii kupita kiasi. Mitandao ya simu iliujua ugonjwa huu zamani. Simu ya Kigoma–Tabora ikikosa nafasi na kuzungushwa kupitia Kahama, inatumia nafasi kwenye viungo viwili badala ya kimoja. Mzigo ukiwa mkubwa kila mahali, simu za kuzunguka zinazinyima nafasi zile za moja kwa moja, nazo zinazunguka, na mtandao mzima unabeba simu chache kuliko ungebeba kama usingezungusha kabisa. Tiba ni ileile akiba: nafasi chache za mwisho za kila kiungo ziwe za mzigo wa moja kwa moja tu. Kwenye mitandao ya leo ugonjwa unaonekana kama mahandaki yanayojihamisha kila dakika chache, mzigo ukiruka kusini na kaskazini. Ongeza muda wa kungoja kabla ya kuhama, na weka kiwango cha chini cha tofauti kinachoruhusu kuhama.

Halafu jaribu. Ikate njia ya kusini mwenyewe kwa kuzima mlango, saa nane usiku kwa mara ya kwanza, ukiwa umewaarifu wote. Ukiridhika, rudia saa nne asubuhi siku ya kazi, maana jaribio la usiku hupima kuhama kwa njia na haligusi uwezo. Andika sekunde ngapi zilipita kabla ya ping kurudi, simu ngapi zilikatika, na foleni ipi ilitupa pakiti. Namba hizo ndizo zinazokwenda kwenye ombi la ununuzi, kiungo kwa kiungo, zikiwa na mzigo wa siku ya kukatika na namba ya redio ya siku ya mvua kando yake.